Maswali ya Wasomaji: Kicheza Muziki cha Bei Nafuu Kilichomvunja Moyo Mnunuzi

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Morogoro, na ni mpenzi wa taarabu tangu ujana wangu. Kwa kuwa sipendi kuimaliza chaji ya simu kwa muziki, na kwa kuwa simu yenyewe hukatiza wimbo kila ujumbe unapoingia, niliamua kununua kicheza muziki kidogo cha mfukoni, kile ambacho vijana wa madukani hukiita MP4. Boksi lake liliandikwa GB 64, nyimbo 16,000, na saa 40 za kupiga muziki kwa chaji moja, nami nikalipa Sh 38,000 nikiamini kwamba nimepata. Kijana wangu aliniwekea taarabu zote nilizokuwa nimezihifadhi kwenye kompyuta, pamoja na masomo ya Kiarabu ya kusikiliza yaliyogawanywa katika sehemu 60.

Matokeo yake yamenisikitisha. Nyimbo zilizoingizwa mwanzoni zinapiga, lakini zile zilizoingizwa baadaye majina yake yanaonekana kwenye kioo na nikizifungua ni kimya, au hutokea kipande cha wimbo mwingine kabisa. Folda mbili zimegeuka majina na sasa zina alama zisizosomeka. Somo la 10 linakuja mara tu baada ya somo la 1, kisha la 11, na somo la 2 nalikuta mbali sana. Hedifoni zina mvumo usiokwisha, ambao husikika zaidi pale ala zinapotulia ili mwimbaji aanze ubeti. Chaji haifiki hata saa 7. Nilipokirudisha dukani nilioneshwa bango ukutani lisemalo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Je, kifaa hiki ni kibovu, nimetapeliwa, au ni mtu wa umri wangu ndiye asiyejua kukitumia?

Msomaji wa Morogoro

JIBU

Mwalimu, shikamoo. Umri wako hauhusiki hata kidogo. Katika mambo uliyoyaeleza, moja ni udanganyifu, jingine ni madai yaliyotiwa chumvi, na mawili yaliyobaki ni kasoro za kawaida za vifaa vya bei ya chini ambazo unaweza kuzirekebisha au kuzipunguza ukiwa nyumbani. Inafaa kuyatenganisha mapema, kwa sababu ukienda dukani na kulalamikia yote kwa pamoja, muuzaji atalishika lile lililo dhaifu, atakuambia kwamba kwa bei ile usitegemee makubwa, na lalamiko lako zito litapotelea humo.

Lalamiko zito ni la memori. Nyimbo za mwisho kuwa kimya huku majina yake yapo ni dalili ya wazi ya memori ya uongo. Ndani ya kifaa kama hicho mna chipu ya kuhifadhia na kidhibiti kinachoiongoza, na kompyuta haina njia ya kuupima ukubwa wa memori kwa kuitazama tu. Hukiuliza kidhibiti, na jibu inalopewa hulipokea kama lilivyo. Mtengenezaji asiye mwaminifu huweka chipu ya GB 8, au hata GB 4, kisha hubadilisha programu ya kidhibiti ili kijibu kwamba ni GB 64. Kuanzia hapo kila kitu huonekana halali. Orodha ya mafaili hukaa mwanzoni mwa memori, katika sehemu ambayo ipo kweli, na ndiyo maana jina na ukubwa wa kila wimbo huonekana bila kasoro. Lakini sauti yenyewe imetumwa mahali pasipokuwapo, na imepotea tangu dakika ile ilipotumwa. Katika baadhi ya vifaa, data inayovuka ukomo hurudi mwanzoni na kuandikwa juu ya ile ya awali, na hapo ndipo wimbo mmoja hutoa sauti ya mwingine na folda hupata majina ya ajabu, kwa kuwa orodha yenyewe imeanza kuharibiwa. Kwa hiyo usiendelee kuongeza nyimbo humo. Kila unachoongeza kinaweza kuvuruga hata zile ambazo leo zinapiga.

Unaweza kukisia ukweli kwa hesabu ndogo. Faili la MP3 la kiwango cha kbps 128 (yaani kilobiti 128 kwa kila sekunde) huchukua karibu MB 1 kwa kila dakika ya sauti. Zile nyimbo 16,000 za kwenye boksi zimehesabiwa kwa wimbo wa dakika 4, na wewe unasikiliza taarabu, ambayo wimbo wake mmoja unaweza kufika dakika 12. Hata GB 64 za kweli zingekutosha nyimbo 5,500 hivi tu za urefu huo. GB 8 hazifikishi 700. Tazama ni kuanzia wimbo wa ngapi, kwa mpangilio ule zilivyoingizwa, ndipo ukimya unapoanza, nawe utakuwa na makadirio mazuri ya memori uliyouziwa. Hapa niongeze tahadhari moja ili usimlaumu muuzaji kwa jambo asilo na hatia nalo: memori ya kweli ya GB 64 huonekana kwenye Windows kama 59 na kidogo, kwa sababu watengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000 wakati Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Upungufu wa namna hiyo ni wa kawaida na haufichi wizi wowote.

Makadirio hayatoshi kumshawishi mtu dukani, unahitaji kipimo. Ipo programu ya bure ya Windows iitwayo H2testw, na kwa watumiaji wa Linux na Mac ipo F3, ambazo hufanya kazi moja: huijaza memori yote kwa mafaili ya majaribio, kisha huyasoma moja baada ya jingine na kulinganisha kilichoandikwa na kilichosomwa. Mwishoni H2testw hukuandikia ni kiasi gani kiko salama na ni kiasi gani kimepotea. Kwanza hakikisha kwamba nyimbo zako zote bado zipo kwenye kompyuta, kisha ukifute kifaa kabla ya kuanza, kwa kuwa jaribio linataka nafasi tupu. Lianze asubuhi, kwani vifaa hivi huandika polepole. Kwa kasi ya MB 5 kwa sekunde, GB 64 huhitaji zaidi ya saa tatu na nusu kuandikwa tu, kabla hata ya kusomwa. Kama kompyuta si yako na huwezi kuweka programu, kijaze kifaa kwa mafaili ya kawaida, kichomoe, kichomeke tena, halafu nakili mafaili ya mwisho kuyarudisha kwenye kompyuta na uyafungue. Usiiruke hatua ya kuchomoa, kwa maana kompyuta hubaki na nakala ya muda ya ulichokituma hivi punde, na inaweza kukuchezea wimbo kutoka katika nakala hiyo ukadhani umehifadhiwa.

Ukishapata matokeo, yapige picha na uende nayo dukani pamoja na boksi na risiti. Usiseme kwamba kifaa ni kibovu, kwa kuwa neno hilo hufungua ubishi kuhusu nani amekiharibu. Sema kwamba bidhaa hailingani na maelezo yaliyochapishwa kwenye boksi lake, umwoneshe namba ya boksi na namba ya kipimo zikiwa pamoja. Katika sheria zetu za mauzo ya bidhaa, kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Lile bango linaweza kumhusu mnunuzi aliyebadili nia baada ya kufika nyumbani. Halimpi mtu yeyote ruhusa ya kuuza GB 8 kwa jina la GB 64. Muuzaji akikataa kabisa, unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo wengi huijua kwa kifupi cha FCC, na hapo risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ndiyo itakayokubeba, kwa sababu inathibitisha tarehe, duka na kiasi ulicholipa. Wasomaji wetu wa Kenya wana ulinzi wa aina hiyo katika Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya kupewa taarifa anazohitaji.

Nakuomba hata hivyo uanze kwa upole. Muuzaji wa rejareja mara nyingi hununua boksi hizi kwa jumla, akiisoma namba ileile uliyoisoma wewe, na huenda hajawahi kuzipima. Wapo ambao, wakioneshwa kipimo kwa macho yao, hubadilisha kifaa au hurudisha fedha bila maneno, kisha huenda nao kumdai aliyewauzia.

Endapo hutafanikiwa na ukalazimika kubaki nacho, kifomati upya, kisha uweke nyimbo zinazokaa chini kabisa ya kiwango kilichothibitishwa na kipimo. Kama kipimo kimesema GB 8, ishia kwenye GB 6 au 7. Usihifadhi humo kitu chochote usichokuwa na nakala yake mahali pengine.

Kuhusu chaji, zile saa 40 ni madai ambayo mtu anaweza kuyapima kwa kalamu na karatasi. Betri ya kifaa cha ukubwa huo ni ndogo. Tuseme ni ya mAh 200 (miliampia-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri) na kifaa kinatumia miliampia 30 kikipiga muziki kwa hedifoni za waya: ukigawanya utapata saa 6 na dakika 40, ambazo hazipishani sana na unachokipata. Ili betri hiyo ifike saa 40, kifaa kingepaswa kutumia miliampia 5 tu, kikiendesha kioo, memori na sauti kwa wakati mmoja, jambo ambalo siliamini kwa kifaa cha bei hiyo. Unaweza kujiongezea muda kwa kupunguza mwanga wa kioo, kukifanya kizimike baada ya sekunde chache, na kuzima Bluetooth kama kifaa kinayo. Baadhi ya vifaa hivi pia hukaa dukani muda mrefu betri ikiwa tupu, na betri ya lithiamu iliyokaa hivyo hupoteza uwezo wake moja kwa moja. Ukiona mgongo wa kifaa umeanza kutuna, acha kukichaji na usijaribu kuitoboa betri.

Mpangilio wa masomo ni jambo dogo. Kifaa chako kinapanga majina kwa kulinganisha tarakimu moja moja kuanzia kushoto, na kwa hesabu hiyo 10 inaanza na 1, hivyo inaitangulia 2. Mwambie kijana wako ayape mafaili majina yanayoanza na 01, 02, 03 hadi 60, na yatakaa sawa. Vipo vifaa vingine visivyojali majina, ambavyo hupiga kwa kufuata utaratibu mafaili yalivyoingizwa; kwa hivyo dawa ni kunakili faili moja moja kwa zamu, au kutumia programu ya FATSort ambayo huipanga upya orodha yenyewe.

Mvumo wa hedifoni una maelezo marefu kidogo, kwa sababu unaweza kutoka sehemu tatu tofauti, na watu wengi hulaumu isiyohusika. Chukua wimbo uleule, faili lilelile, ulipige kwenye simu kwa hedifoni zilezile. Ukisikia mvumo huko pia, basi umo ndani ya rekodi, na taarabu nyingi za zamani zilizotolewa kwenye kanda huja na mvumo wake wa kanda ambao hakuna kifaa kitakachouondoa. Ukisikia sauti iliyochujuka, matoazi yakisikika kama yamelowa maji, tatizo ni faili lililobanwa mno, tuseme kbps 64. Na nikukanye usikubali kijana wa kurusha nyimbo akuambie kwamba atalipandisha hadi kbps 320, kwani kitakachoongezeka ni ukubwa wa faili tu, huku sauti iliyokwisha kutupwa ikibaki imetupwa. Simu ikiwa safi na kicheza muziki kikiwa na mvumo, basi umo katika kipaza sauti cha kifaa, yaani saketi inayoikuza sauti kabla ya kufika kwenye hedifoni, ambacho katika bidhaa za bei hii hukaa ndani ya chipu moja na kazi nyingine zote na huokota kelele zake za umeme. Mvumo huo hauongezeki unapoongeza sauti, na husikika zaidi kwenye hedifoni nyepesi kuamka, zile zinazotoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Jaribu hedifoni zisizo nyepesi kiasi hicho, za ohmu 32 au zaidi, kisha uongeze sauti ya muziki kidogo; mvumo utabaki pale chini na muziki utaupita. Kama unausikia wakati wa kuchaji peke yake, chanzo ni chaja.

Umetaja jina la MP4, nami nilizungumzie, kwa sababu siku hizi nimeona hata boksi zilizoandikwa MP5 na MP6. MP3 ni jina la namna ya kuibana sauti, iliyotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, na faili zake zimetumia jina hilo tangu mwaka 1995. MP4 nayo ni aina halali ya faili, hasa la video. MP5 na MP6 kama aina za faili hazipo. Ni namba za kumvutia mnunuzi. Soko lenyewe pia limebadilika. Vicheza muziki vya kwanza vya aina hii vilitoka mwaka 1998 vikiwa na memori ya MB 32, yaani kama nusu saa ya muziki, na mwaka 2001 Apple ilileta iPod yenye GB 5. Simu zilipoichukua kazi hiyo, kampuni kubwa ziliondoka moja baada ya nyingine, na Apple yenyewe iliachana na iPod mwaka 2022. Sony bado hutengeneza Walkman, lakini kwa bei ambayo wengi wetu hatuigusi. Huku chini wamejaa watengenezaji wasiojulikana, wengi wao hata hawaandiki jina lao kwenye boksi, na asiyeandika jina hana cha kupoteza akiandika namba ya uongo. Jambo hili linaniudhi hasa kwa sababu anayeumia ni yule aliyehesabu fedha zake kabla ya kwenda dukani.

SWALI

Mhariri, assalaam alaykum. Nataka kumnunulia mama yangu mzee kifaa cha kusikilizia Qur'ani na kaswida. Nimesikia watu wakilalamikia hivi vicheza muziki vya bei rahisi. Je, kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, yenye kadi ya memori inaweza kufanya kazi hiyo?

Msomaji wa Mombasa

JIBU

Waalaykum salaam. Inaweza, na kwa mama mzee ningeichagua kabambe kuliko kicheza muziki cha bei hiyohiyo. Vitufe vyake vinaonekana na kushikika, ina spika yake bila kulazimika kuvaa hedifoni, ina redio, na sauti yake ni kubwa. Zaidi ya hayo, betri yake huchomolewa. Aina ya BL-5C, yenye mAh 1,020 ikiwa halisi, hutumika katika simu nyingi za vitufe na hata katika redio ndogo za kadi, nayo hupatikana karibu kila duka la simu, wakati betri ya kicheza muziki kidogo mara nyingi imechomelewa kwa waya ndani na ikifa kifaa huwa kimekufa nayo. Kadi ya GB 8 au 16 itamtosha kabisa: msomaji mmoja akisoma Qur'ani nzima kwa saa 30, tuseme, faili zake kwa kbps 64 hazifiki hata GB 1. Zipe sura namba kuanzia 001 hadi 114 ili zifuatane, na uipime kadi kwa njia niliyomweleza mwalimu wetu hapo juu kabla hujampelekea mama.

SWALI

Nilinunua kadi ya GB 128 ili niongeze nafasi kwenye kicheza muziki changu, lakini kifaa kinasema hakuna kadi. Kwenye simu inasomeka vizuri. Nifanyeje?

Msomaji wa Unguja

JIBU

Kadi zinazozidi GB 32 hutoka kiwandani zikiwa zimefomatiwa, yaani zimeandaliwa kupokea mafaili, kwa mfumo wa exFAT, na vicheza muziki vingi vya bei nafuu huelewa FAT32 peke yake. Simu yako inaijua mifumo yote miwili, ndiyo sababu haikulalamika. Hamisha kilichomo, kisha uifomati kadi kwa FAT32. Chombo cha kufomati cha Windows kwa miaka mingi kilikataa kufanya hivyo kwa ukubwa unaozidi GB 32, kwa hiyo huenda ukahitaji programu nyingine ya bure. Vifaa vingi vilivyoandikwa kwamba mwisho wake ni GB 32 husoma kadi kubwa zaidi ikishafomatiwa hivyo, ingawa si vyote. Kabla ya kuijaza nyimbo, ipime kwa H2testw, kwa sababu kadi za ukubwa huu nazo zinaghushiwa sana, na kusomeka kwenye simu hakuthibitishi kwamba GB 128 zimo. Ikiwa imefaulu kipimo na bado kifaa hakiioni, azima kadi ya GB 32 au ndogo zaidi uijaribu humo; nayo isiposomeka, tatizo liko kwenye tundu la kadi la kifaa chako.